Hebu Nisomee Ulichoandika: Tempels, Hulstaert na Barua Zilizozaa Falsafa ya Kibantu

Nilipokuwa darasa la tano nilikuwa na kazi moja ambayo wajukuu wengine hawakuipata: nilikuwa mwandishi wa barua za bibi. Hapo ni kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi mjini, kabla simu za mkononi hazijatufikia. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia chumvi na kuuzia choroko. Mambo yake mazito yote aliyasema kwa Kisukuma. Mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa shuleni mpangilio wa barua ya kirafiki: anwani juu kulia, tarehe, salamu, kisha "dhumuni la barua hii". Basi bibi akawa anaongea, mimi naandika, na niliamini kabisa kwamba ninaandika vizuri kuliko anavyoongea.

Siku moja tulimwandikia mjomba aliyekuwa akifanya kazi Tabora. Bibi alisema mengi, na katikati akasema nyumba imelala. Nikaona sentensi hiyo haijakaa sawa. Nyumba inalalaje? Nikaandika kwamba nyumba ya mama imeinama upande na inahitaji matengenezo. Mwezi haukupita, mjomba akatuma hela ya mabati. Bibi alizipokea, akazitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Yeye alikuwa amemwambia mwanawe kwamba nyumba haina sauti ya mtu, aje. Mjomba alikuja mwaka uliofuata, akakuta paa jipya linang'aa na mama yake hamsemeshi.

Toka hapo, kabla bahasha haijafungwa, bibi alikuwa ananiambia: "Hebu nisomee ulichoandika." Na nimsomee kwa Kisukuma.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya padri mmoja Mbelgiji na barua zake. Placide Tempels, Mfransisko aliyezaliwa 1906, alifanya umisionari miaka mingi Katanga, kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Yeye mwenyewe alikuwa amekiandika kwa Kiholanzi, lugha ya kwao Waflemi. Rafiki yake mwanasheria, Antoine Rubbens, ndiye aliyekitafsiri. Mwaka 1949 Présence Africaine wakakitoa Paris, na 1959 kikatoka kwa Kiingereza. Jina lake kwetu lingekuwa Falsafa ya Kibantu. Kwa miaka mingi hukuweza kuzungumzia falsafa ya Afrika bila kuanza nacho, ama kukisifu ama kukitukana.

Kisichojulikana sana ni kwamba nyuma ya kitabu hicho kuna mabishano ya barua. Kati ya 1944 na 1948 Tempels aliandikiana na padri mwingine Mflemi, Gustaaf Hulstaert, aliyekuwa upande mwingine kabisa wa Kongo, Bamanya, karibu na mji wa Coquilhatville ambao sasa ni Mbandaka. Kati yao palikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za misitu na mito. Hulstaert alikuwa mtu wa lugha. Alifika Kongo 1925 na akabaki huko mpaka alipofariki 1990. Alitoa methali za Wamongo, kamusi na sarufi ya lugha yao. Pamoja na mwenzake Edmond Boelaert alianzisha jarida la Aequatoria mwaka 1937. Tempels alimpelekea mawazo yake, naye akayasoma kwa jicho la mhariri. Mwaka 1985 padri na mwanahistoria François Bontinck alizichapisha barua hizo Kinshasa.

Nikisema ukweli, kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kitabu na barua, ningechagua barua. Sababu ndiyo makala hii.

Kwanza tumtendee Tempels haki. Alikuwa akiandika wakati mbaya. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi waligoma Elisabethville, wakapigwa risasi. Mwaka 1944 askari wa jeshi la koloni waliasi Luluabourg. Wazungu wengi walikuwa wakisema Mwafrika hana akili ya kupanga jambo, ana mazoea na ushirikina tu. Katikati ya hayo Tempels akasimama akasema: hapana, hawa watu wana falsafa. Aliandika pia magazetini kudai haki kwa watu weusi, na baadhi ya maandishi hayo yakaingia kwenye kitabu ambacho Rubbens alikikusanya, Dettes de guerre, yaani madeni ya vita. Askofu Jean-Félix de Hemptinne hakufurahishwa naye. Kwa hiyo hatuzungumzii mtu aliyekuwa amekaa kivulini.

Hoja yake kwa kifupi ni hii. Mzungu anapofikiri kuhusu kilichopo, anafikiria kitu kilichosimama chenyewe, kisha ndipo anakiongezea sifa, nguvu ikiwemo. Mbantu, anasema Tempels, hatengi kuwepo na nguvu. Kuwepo ni kuwa na nguvu. Nguvu hiyo huongezeka na kupungua, na imepangwa kwa ngazi: Mungu juu, kisha mababu waanzilishi, kisha wafu wengine, kisha walio hai kwa kufuata umri na cheo, halafu wanyama, mimea na mawe. Ugonjwa ni kupungukiwa. Uchawi ni kuibiwa. Baraka ya mzazi ni kuongezewa.

Ukisoma hivyo ukiwa Bariadi unaweza kutikisa kichwa kukubali. Mimi nilitikisa. Nani kati yetu hajaona mzee akikataa kuondoka nyumbani kwa mtu kabla hajatoa neno la baraka? Lakini baadaye nikafika mahali Tempels anapotaja salamu za Waluba kama ushahidi, namna watu wanavyoambiana kwamba wana nguvu, wana uhai. Hapo nikasimama. Kwetu mtu anaulizwa "mhola?" na anajibu "mhola". Sikio langu la Kisukuma linalisikia neno hilo karibu na kupoa, karibu na utulivu, mbali na misuli. Na vijana wa Kiswahili siku hizi wakiulizwa mambo wanajibu nini? Poa.

Sasa nifanye nini na ugunduzi huo? Naweza kukimbilia mezani nikaandika kitabu: kwa Wasukuma kuwepo ni kupoa, ugonjwa ni joto, Mungu ni ubaridi ulio juu ya yote. Sura saba zingejaa, na pengine ningealikwa kwenye makongamano. Ningekuwa nimefanya kosa lile lile, tena kwa neno moja. Salamu ni kitu ambacho watu hukisema bila kukifikiria, na kutoka hapo kwenda kwenye falsafa ya watu wote kuna safari ndefu yenye madaraja yaliyovunjika. Tempels aliivuka kwa kuruka, kutoka kwa Waluba anaowafahamu mpaka kwa "Wabantu" wote, nikiwemo mimi niliyezaliwa ng'ambo ya ziwa.

Hulstaert anaingia hapa. Kazi zake ukiziweka kando ya kitabu cha Tempels unaona watu wawili wenye tabia tofauti. Tempels ana haraka ya kufika kwenye mfumo. Hulstaert anatoa methali moja moja, neno moja moja, na kila neno ameliacha na mahali pake. Mwenye kamusi ni msomaji mgumu kwa mwenye mfumo, kwa sababu mazoea yake ni kuuliza neno hilo limesemwa na nani na linatumikaje. Boelaert naye alikipitia kitabu humo humo kwenye Aequatoria, 1946. Yaani Tempels alikuwa na bahati ambayo kila mwenye wazo anaihitaji: alikuwa na watu wa kumjibu.

Hiyo ndiyo faida ya barua za falsafa. Kuna kitabu cha barua ambazo Edmund Husserl, mwanafalsafa wa Kijerumani, alimwandikia mwanafunzi wake Mpolandi, Roman Ingarden. Ingarden mwenyewe alizichapisha 1968. Wapenzi wa fasihi wanamfahamu Ingarden kwa kitabu chake cha 1931 kuhusu kazi ya fasihi na namna inavyokuwepo. Yeye hakukubaliana na mwalimu wake juu ya jambo kubwa kabisa, kwamba ulimwengu hutegemea fahamu inayouwaza, na urafiki haukuvunjika. Hao walikuwa wanabishana kuhusu ulimwengu, na ulimwengu haulalamiki ukielezwa vibaya. Tempels na Hulstaert walikuwa wanabishana kuhusu majirani zao. Nje ya dirisha la Tempels walikuwepo watu wanaopita, wanaotoka shambani, ambao ndio walikuwa mada. Hawakuandikiwa barua hata moja.

Tempels alilijua tatizo hilo, na jibu lake ndilo linalonikera kuliko kitu chochote kitabuni. Anasema, kwa maneno yangu: hatutegemei Waafrika watupe kitabu cha falsafa yao kilichopangwa, kuipanga ni kazi yetu sisi tuliosoma, sisi ndio tutawaambia kwa usahihi wanachofikiri, nao watajitambua katika maneno yetu na kukiri kwamba tumewaelewa.

Nilipofika hapo nikaifunga simu kwanza. Nilikuwa ninasoma kwa simu, chini ya mwembe. Nilijiona mimi, darasa la tano, kalamu mkononi, nikiamini bibi atafurahi akisikia jinsi nilivyompangia maneno.

Kwa sababu hilo ni dai linaloweza kupimwa, na kipimo ni rahisi: wasomee. Tena uwasomee kwa lugha yao, wakiwa na ruhusa ya kusema hapana. Kitabu kikaenda kutoka Kiholanzi hadi Kifaransa, kikaenda Paris, kikaenda Kiingereza. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa ofisa wa koloni, padri mwenzake, mtu wa Ulaya. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliuma hapo hapo katika hotuba yake dhidi ya ukoloni ya mwaka 1950: akacheka kwamba mfanyakazi wa Kongo anapewa heshima ya nguvu za kiroho wakati anachodai ni mshahara na chakula. Paulin Hountondji wa Benin, miaka ya 1970, akalisema kitaalamu zaidi: katika mazungumzo haya Mwafrika ni mada tu, hana kiti mezani.

Mimi nataka kuongeza kidogo juu ya Hountondji, kwa kutumia kipimo cha bibi. Shida ya kutosomewa ni zaidi ya kwamba utaelezwa vibaya. Hata ukielezwa vizuri kabisa kuna kitu umenyang'anywa. Tempels alipopata jibu kutoka Bamanya aliweza kusema: kumbe, hapo niliteleza, ngoja nirekebishe. Wazo lake lilikuwa na jana na kesho. Mluba wa kitabuni hana kesho. Anafikiri alichofikiri babu yake, na ataendelea kukifikiri mpaka kitabu kiishe. Anaruhusiwa kuwa na falsafa, ila haruhusiwi kubadili mawazo. Na mtu asiyeweza kubadili mawazo, hata umsifu namna gani, umemfanya kinyago.

Alexis Kagame, padri wa Rwanda, alijaribu kutoka kwenye mtego huo kwa kuanzia ndani ya lugha yake mwenyewe. Kitabu chake cha 1956 kinachambua vilivyopo kwa kufuata Kinyarwanda na kupata makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Mtu, kitu, mahali, namna. Ni hatua kubwa, maana mwenye lugha ndiye anayeongea. Lakini hata Kagame anatuonyesha sarufi zaidi ya mabishano. Sarufi yangu inanipa neno "kitu" kama inavyompa jirani yangu, na bado mimi na jirani hatukubaliani kuhusu vitu vingi sana.

Kinachonifanya nisimtupe Tempels ni alichokifanya baada ya kitabu. Baada ya miaka kadhaa Ulaya alirudi Katanga 1949, na katika miaka ya 1950, kwenye makazi ya wafanyakazi wa migodi eneo la Kolwezi, kikazuka kikundi cha wanandoa Wakatoliki kilichoitwa Jamaa. Ndiyo, jamaa, neno letu hili hili. Waliitana baba na mama, naye akawa Baba Placide. Mafundisho yao yaliendeshwa kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno matatu yalirudi kila mara: uzima, uzazi, mapendo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeandika kitabu kuhusu Jamaa mwaka 1971, anatuonyesha watu wanaofundishana na kuyageuza maneno hayo mpaka yakawa yao. Tempels mwenyewe katika kijitabu cha 1962 anaeleza jinsi alivyoanza kama bwana mkubwa, akawa mchunguzi, na mwisho akakutana na watu.

Tuyatazame maneno matatu hayo kama wasomaji. "Nguvu" ya kitabu imekuwa "uzima". Ni tofauti ndogo kwa jicho la mbali, lakini mwenye Kiswahili anaijua. Nguvu inaweza kuwa ya mtu mmoja, hata ya jambazi. Uzima unauulizia: mzima wewe? Wazima nyumbani? Na ngazi ile ndefu kutoka kwa Mungu mpaka kwenye mawe haimo tena kati ya maneno matatu. Yamebaki mambo yanayotokea kati ya mtu na mtu. Sidai kwamba wachimba madini wa Kolwezi walimwandikia Tempels masahihisho. Nasema kwamba alipolazimika kuongea kwa lugha wanayoweza kumjibia, falsafa yake ilibadilika sura, na ikawa bora. Uongozi wa Kanisa baadaye ulilitilia shaka kundi hilo, nayo ni dalili kwamba watu wake walikuwa wameanza kusema mambo yasiyotarajiwa.

Na sisi je? Mwaka ule ule wa 1962 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Ujamaa, akisema msingi wake uko katika familia ya Kiafrika ya jadi. Kilikuwa kizuri, chenye nia njema. Miaka ya 1970, huku kwetu kukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, watu walihamishwa kuingia kwenye vijiji kwa jina la jadi hiyo. Wazee wetu wengi waliisikia jadi yao ikisomwa kwenye mkutano wa hadhara, na waliosoma hawakungoja kusikia kama ni yenyewe. Siku hizi ni zamu yetu waandishi. Fungua gazeti, fungua tasnifu: "Wasukuma wanaamini kuwa..." Wasukuma gani? Uliwasomea?

Basi nikajaribu. Jirani yangu ni mzee aliyelima pamba maisha yake yote. Nilimtafsiria kwa Kisukuma lile wazo la Tempels kuhusu salamu, kwamba Waluba huambiana wana nguvu na kwamba padri mmoja akaona hapo ndipo ilipo siri ya fikra zetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo aliyeambiwa ana nguvu, alikuwa ametoka kuugua?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Kama alikuwa ametoka kuugua, maneno yale ni ya kumtia moyo mgonjwa, hayana falsafa ya kuwepo ndani yake. Kama alikuwa mzima tu barabarani, basi Tempels ana hoja. Kitabu hakituambii. Ni swali ambalo Hulstaert angeliheshimu, na lilitoka kwa mtu ambaye kwa hesabu za 1945 angekuwa mfano, si msomaji.

Kwa hiyo ushauri wangu: kisome kitabu cha Tempels, ni kifupi, na usiwaachie maprofesa peke yao kukikataa. Lakini kisome ukijua kwamba kilianza kama barua, na ujiulize kila ukurasa jibu lingetoka kwa nani.

Nimalizie kwa bibi. Baada ya kisa cha mabati, ilipita miezi hasemi na mjomba. Siku aliyoamua kuandika, maneno yalikuwa makali. Alisema huyo mtoto asirudi tena, abaki huko huko na mabati yake. Safari hii nilikuwa nimeshika adabu, nikaandika kama alivyosema bila kupamba. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa Kisukuma, neno kwa neno.

Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Ndivyo nilivyosema. Lakini sivyo. Futa."

Nikafuta. Ilikuwa penseli, karatasi ikabaki na doa.